Elfu Tatu kwa Dakika Ngapi?

Duka la Vakhushti liko Alvani, bondeni,
huku tunakomalizia baridi tukingoja njia ya Abano ifunguke.
Mei hii theluji bado imeikaba kooni,
kwa hiyo nina muda wa kununua vizuri, au vibaya.

Ananiwekea mezani sanduku la rangi ya chungwa.
Ubavuni limeandikwa elfu tatu,
tarakimu kubwa kuliko jina la kiwanda.
"Wati elfu tatu, Mzekala! Utawasha kijiji kizima."
Namuuliza: elfu tatu kwa dakika ngapi?
Anatazama mlangoni kama kuna mteja anayeingia.
Hakuna.

Orodha yangu iko nyuma ya risiti ya sufu:
friji ya jibini, mia na hamsini;
mashine ya kutenga malai, mia tatu;
taa tisa; cherehani; simu za wageni
wanaokuja kutazama milima, kisha hutazama simu.
Ukijumlisha ni hesabu ya mtoto.
Lakini mota huwezi kuihesabu ikiwa imelala.
Mota huamka kama ng'ombe:
huinua makalio kwanza, kwa kishindo, zizi litikisike,
ndipo itembee taratibu kama isiyo na haja na mtu.
Kishindo hicho ndicho ninachokitafutia inveta.

Mwaka jana Iagori alinunua ya bei poa.
Alipanda nayo farasi, akipiga mluzi.
Umeme wake haukuwa wimbi, ulikuwa ngazi,
unapanda kwa pembe, unashuka kwa pembe,
na mashine ya malai ikaguna siku nne
kama mwenye jino bovu.
Ya tano ikanuka nywele zilizoungua.
Lita arobaini zikachacha. Mbwa walikunywa.
Mimi nikamtazama Iagori,
yeye akautazama mlima.

Basi leo nimekuja na mizani yangu ya jibini.
Vakhushti anacheka, lakini ananiachia.
La chungwa: kilo mbili na robo.
Lile la kijivu, chini ya rafu, lenye vumbi,
lililoandikwa elfu moja na mia tano kwa herufi za aibu:
kilo kumi na saba.
Shaba, Vakhushti. Shaba iko tumboni.
La chungwa naligonga kwa ukucha.
Mwenyewe unajua ni debe gani huvuma.

Bei yake kondoo wanne.
Tena lina tabia: hula wati ishirini usiku kucha
bila kazi yoyote, kama farasi wa gwaride.
Nakaa juu ya gunia la saruji, najumlisha, natoa,
namtoa kondoo mmoja, namrudisha.
"Swichi yake iko wapi?"
"Hapa mbele."
Basi nitakuwa naizima mwenyewe. Mkono ninao.

Julai. Waya nene kama kidole gumba,
fupi, kutoka betri za volti ishirini na nne hadi ukutani,
na ukutani nimeandika kwa mkaa:
MALAI YAKIZUNGUKA, USICHOMEKE KITU.
Friji inasinzia. Malai yanashuka kama uzi.

Siku ya tatu Iagori, ambaye hasomi kuta,
akachomeka keekee yake ya umeme.
Sanduku likalia mara mbili, likawasha jicho jekundu,
likajifunga.
Halikuungua. Lilikataa tu.

Nimeishi miaka hamsini na mbili
katikati ya watu wasiojua kukataa, wa kwanza mimi,
na chuma hiki kimejua siku ya tatu.

Iagori alisimama, keekee mkononi,
midomo ikiufuata mkaa herufi kwa herufi.
Kisha akaenda banda la nyuma
kuitafuta ile ya babaye, ya kuzungusha kwa mkono.
Niliisikia ikilalamika ndani ya mbao
hadi kondoo waliporudi.