Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Daktari wa Ligula hakuniandikia dawa.
Aliandika neno moja tu: kilima.

Basi Jumamosi, jua halijakaza,
nikaazima Passo nyeusi ya shemeji
("mafuta yarudi yalivyo, na viti usivitie mchanga"),
nikapita Mangamba, nikateremka Mikindani.

Kupanda si kazi.
Kazi ni pa kuliacha gari.

Ukutani mwa msikiti wameandika kwa chokaa: USIPAKI.
Fundi baiskeli akaangalia tairi, akaniangalia,
akarudi kwenye tairi.
Kichochoro cha tatu kikanibana hata nikakunja vioo
kama sungura anayelaza masikio,
nikarudi kinyumenyume, watoto watano
wakinielekeza kwa mikono mitano, pande tano.

Ndipo Bi Somoe, ufagio mkononi:
"Wewe wa kilimani?"
Nikasema ndiye.
"Wote huishia hapa. Njia inaanzia nyuma ya choo changu.
Lete. Lete. Lete, hakuna kitu. Basi!"
Akamtuma mjukuu wake, Shaweji, alete jiwe.
"Hendibreki ni ya watu wa tambarare," akasema,
akalisukuma jiwe kwa kisigino mpaka likauma mpira.

Bei hakutaja.
Aliligusa boneti kwa kiganja,
kama anayepima joto la chungu.

Kuhusu kilima sina mengi.
Udongo mwekundu, mizizi ya mikorosho inatega vidole,
mara mbili nilikaa chini nikisingizia kamba za viatu.
Kileleni nikatazama mabati ya mji,
na katikati yake kitu cheupe, kinameta,
nisikitambue.

Niliposhuka, gari lilikuwa limevaa.
Makopa!
Boneti zima, paa zima, hadi ukingo wa kioo,
muhogo umelazwa safu kwa safu,
na Shaweji ana kijiti, anafukuza kuku.

"Chuma chako kinakausha kuliko mkeka wangu,"
akasema Bi Somoe, bila haya hata kidogo.
"Kaa. Bado upande wa pili."

Nikakaa.
Nikageuza makopa kimoja kimoja,
vidole vikageuka vyeupe kama vya mwalimu.
Akaniletea ming'oko ya kuchemsha na chumvi pembeni.
Simu ikaita: shemeji.
Nikaitazama mpaka ikachoka.

Alasiri akaliondoa jiwe mwenyewe,
akaliweka barazani, mahali pake.

"Jumamosi uje mapema," akasema.
"Na kama lipo,
uje na gari kubwa kidogo."