Mkono wa Kike

Bibi yangu kule Ugweno hakusema "kushoto".
Alisema mkono wa kike,
na ule mwingine akauita wa kuume,
kana kwamba mwili mmoja umeoana na haujapatana.

Mwalimu Kiangi aliufunga wa kike kwa kamba ya katani
hadi nikajua kuandika kwa wa kuume.
Kukata hakunifundisha.

Moshi. Chumba cha pili cha upasuaji, saa moja na nusu asubuhi.
Mkasi umeundwa kwa dole gumba la watu wengine;
nikiushika mimi, unatafuna uzi, haukati.
Koleo la sindano linafunga vizuri, kufunguka linagoma.
"Badilisha mkono, daktari," anasema Profesa Lyatuu,
bila ubaya, kama anayemwambia mgeni
kiatu chako kina tope.
Nabadilisha. Wa kuume unatetemeka
juu ya ngiri ya mtu aliyelala akituamini.

Usiku, hosteli, nashona magome ya mgomba.
Utomvu wake umeharibu kanga yangu, hautoki hata kwa jiki.
Fundo la mia mbili.
La mia tatu, mkono niliozaliwa nao.

Kwa tasnifu nilipewa uhuru wa kuchagua.
Nikachagua daftari kubwa la chumba cha upasuaji,
jalada limeshonwa kwa nailoni, kurasa zina madoa ya aidini.
Miaka mitatu. Safu ya "mpasuaji", safu ya "msaidizi".
Nilihesabu kwa penseli.
Majina yetu, Nanyori, Paskalina wa Mbulu, mimi,
yamekaa safu ya pili
kama ndoo kwenye foleni ya bomba.

Alhamisi nikaweka jedwali ukutani.
Mtu alikuwa anakoroga chai, akaacha.
Profesa akavua miwani.
"Sampuli ni ndogo."
"Ni ndogo, Profesa. Ndiyo sisi wote tuliopo."

Kilichosemwa baada ya mlango kufungwa sikijui.
Najua kwamba Jumatatu
Sista Ndeonasia, miaka thelathini mbele ya sinia lile,
alipanga vyuma kinyume, kama vinavyoonekana kiooni,
na katikati akalaza mkasi wa mashoto.
Sikuuliza umetoka wapi.
Profesa akazunguka meza,
akasimama nisikozoea kumwona,
akashika ndoano ya kuvutia jeraha, kazi ya msaidizi.

"Mpasuaji niandike nani?"
Mashine ilihesabu mapigo kumi na mawili.
"Mwandike yeye," akasema,
akalitaja jina langu, akakosea herufi moja.

Siku ya kumi mzee Elinami akashuka kutoka Uru kutolewa nyuzi.
Alilikagua kovu kama anakagua mlango mpya:
mishono imelalia upande wake yenyewe,
mahindi ambayo upepo umeyageuza.
"Nani kashona hii?"
Nikainua mkono.

Akanyoosha wake wa kulia kunishukuru.
Akasita. Akaurudisha kifuani,
akanipa wa kushoto.