Kipimo Kisichokuwa Daftarini

Nimepima vifua vya Kondele nzima.
Daftari langu linajua nani amenenepa tangu Pasaka,
bega la nani la kushoto limelala,
bibi harusi gani anahitaji nafasi tumboni
na hataki mama mkwe aambiwe.
Lakini tepu huishia kwenye ngozi.

Usiku mmoja wa Machi moyo ukaanza kukimbia.
Nimelala chali, sijabeba kitu, sijapanda ngazi,
na wenyewe unapiga kama mtu anayegonga
mlango wa nyumba aliyokosea.
Nikalaumu kodi ya kibanda.
Nikalaumu chai, vikombe sita, majani yamekolea.
Nikamlaumu hata Aginga wa vitenge
aliyenitazama siku ile kwa jicho lisilo la biashara.
Jirani yangu, mama Nyakinda, akasema ni mkono wa mtu.
Nikamjibu: mkono wa mtu ungechagua mwenye pesa.

Alhamisi moja ya Juni nikafunga mapema.
Zahanati ya Manyatta, benchi la mbao, watoto wenye homa.
Sista Dorsila ana saa iliyobanwa kifuani,
inaning'inia kichwa chini ili aisome yeye tu.
Akaniwekea vidole viwili kwenye kiwiko cha mkono,
pale chini ya gumba.
"Usipimie gumba," akasema. "Lina mapigo yake, litakudanganya."
Kisha kimya. Dakika nzima.
Sikumbuki lini mtu alinishika dakika nzima
bila kutaka suruali ipunguzwe.

"Mia na kumi na nane. Na umekaa."
Mtu mzima aliyetulia, akanieleza, sitini hadi mia.
Mtoto huzidi, ndiyo kawaida yake.
Kuna kijana wa Kaimosi wa mbio ndefu,
wake ni arobaini na sita, na hulala kama gunia.
Homa huupandisha. Hofu. Kiu ya siku mbili.
Miraa. Tezi ya shingo ikichachamaa.
"Usiulize moyo una nini," akasema.
"Uliza unaombwa nini."

Ndipo akauliza la hedhi.
Nikatazama viatu vyangu.
Siku tisa, nikasema.
Vitambaa najishonea mwenyewe,
mabaki ya sare za shule, zambarau,
na mwaka huu nimeshona mara mbili ya mwaka jana.
Hilo sikuliandika popote.

Akavuta kope ya chini ya jicho langu, akaona weupe.
Tone moja la kidole.
Damu: saba.

"Unamjua Wasonga, muuza maji wa mkokoteni?"
Namjua, ananidai.
"Mpe mitungi ishirini, atanywesha mtaa kwa safari moja.
Sasa mpe minane. Mtaa ule ule, kiu ile ile.
Atafanyaje?"
Atakimbia, nikasema.
"Basi usimtukane mwenye mkokoteni."

Nililia kidogo, si kwa huzuni.
Miezi mitatu nimemwambia nyamaza
kibarua pekee ambaye hajawahi kulala.

Vidonge vya madini ya chuma, kwa chungwa, si kwa chai.
Picha ya tumbo Jumatatu, hospitali kubwa.
Huenda ni uvimbe, huenda si uvimbe.
Na nikizimia, au kifua kikibana,
nisingoje Jumatatu wala mapambazuko.

Siku hizi jioni nasimamisha cherehani
na Apondi, binti yangu, anashika mkono wangu,
anahesabu kwa sauti, anafika arobaini,
anacheka, anapotea, tunaanza upya.
Chini ya kiuno cha mwalimu Kageha, inchi thelathini na nne,
nimeandika: *mimi*.
Mia na kumi na mbili. Mia na tano.
Jana tisini na sita,
ingawa nilikuwa nimetoka kugombania zipu.
Chini yake nimeacha mistari mitatu mitupu,
kama pindo tunaloachia
gauni la mtoto anayekua.