Dakika Ishirini za Kupanda

"Dakika ishirini tu," alisema Ishbel,
"hata kwa magoti yangu haya yanayolia kama bawaba."
Getini, kibao: MBWA AFUNGWE KAMBA, KUNA KONDOO.
Akamfunga Struan, akacheka peke yake,
kicheko kifupi cha puani.

Njia ni tope jeusi na kangaga.
Mvua ya Uskoti hainyeshi, inakaa tu hewani
ikikulowesha kwa adabu.
Struan anavuta: miguu mifupi, haraka ndefu.
Kushoto, mawe yamelala mstari majanini.
"Hapo jiko. Hapo alizaliwa nyanya wa nyanya yangu."
Kondoo mmoja amesimama jikoni, anatafuna,
anatutazama kama wageni wasiobisha hodi.

Juu kabisa, Lodi wa mawe,
mrefu kuliko minara ya makanisa yote ya bonde,
mkono kifuani, macho kwenye ile bahari
alikowapakia watu melini
ili malisho yapate nafasi.
Chini ya viatu vyake wamechonga:
KUTOKA KWA WAPANGAJI WAKE, KWA SHUKRANI.
"Shukrani," Ishbel akasoma, akihema,
akatoa chai ya chupa na biskuti tatu,
moja ya mbwa.

Nilikuwa natafuta neno la kusema.
Struan hakutafuta.
Alizunguka msingi, akanusa herufi moja moja
kama karani anayekagua hati,
akafika kwenye lile neno la mwisho,
akainua mguu.

Ishbel akageukia mawinguni.
Kamba aliilegeza kidogo.