Fungu

Kikao cha vipaumbele, Micheweni,
ndani ya boma la skuli lisilo paa.
Nimekuja na kabrasha, kurasa mia na mbili,
na kalamu niliyopewa semina ya Chake.
Wanawake wamekaa juu ya matofali,
nyundo zao mapajani. Hawakuziacha nyumbani:
tukimaliza saa nne, kokoto zinangoja.

Nikasoma: kasma hii, kasma ile,
kupunguza umaskini, lengo namba tano.
Bi Mize Shaame akanyoosha kidole chenye plasta:
"Mwanangu, huo umaskini mwaupunguzia wapi?
Juu kama nywele, au chini kama kanzu ndefu?"
Wakacheka. Nami nikacheka, nikachelewa kuacha.

"Siye hatuhesabu kwa karatasi," akasema,
akamwaga ndoo ya kokoto chini,
pale palipongoja sakafu miaka sita.
"Jiwe moja milioni kumi. Soma, tukupangie."

Nikasoma. Wakapanga mafungu
kama ya dagaa kabla ya mnada.
Magari na mafuta yake: fungu la kujaza kanga.
Semina, posho, chai na vitafunio: mawe thelathini na moja.
Ufuatiliaji wa semina: tisa.
Kisima cha shehia: jiwe moja,
na hilo Bi Mize akaligonga, likapasuka,
maana nilikuwa nimesoma milioni nne na nusu.
Akaniwekea kiganjani kipande kilicho kidogo.

Paa la skuli.
Nikafunua ukurasa, nikarudi nyuma, nikafunua.
"Usijichoshe," akaniambia, wala si kwa ukali.
"Fungu letu twalijua. La kukosa."

Kisha, kama mtu aliyesahau chumvi dukani:
"Barabara ile ilinunua kokoto zetu,
ndoo kwa shilingi mia tano.
Humo mwako ndoo imeandikwa bei gani?"
Ukurasa wa sabini. Niliiona.
Nikasema wakati umetutupa mkono.

Chake, usiku. Umeme umerudi,
feni inapeperusha kila kitu
isipokuwa karatasi iliyokaliwa na kile kipande.
Mkurugenzi anataka jumla ilingane kabla ya asubuhi.
Nimejumlisha mara tatu. Inalingana.

Nikachukua penseli, si kalamu ya semina,
nikaandika pembeni pa ukurasa wa sabini,
kwa herufi ndogo, mwandiko wangu mwenyewe:
ndoo, mia tano. Muulizeni Bi Mize.