Grisi

Igoma, chini ya Kenta, Malugu anatikisa gurudumu.
Boljointi imekwisha: tufe la chuma
linacheza kikombeni kama jino bovu.
"Hii ikichomoka, tairi litafika Magu,
wewe utabaki hapa."

Jumatatu alimpeleka mama Bugando,
Nkwimba wa ndoo za dagaa, miaka thelathini
kutoka mwaloni mpaka mlimani, jiwe hadi jiwe.
Daktari akainua picha kwenye mwanga:
nyonga, tufe, kikombe, gegedu limelika.
Malugu akauliza grisi hutiliwa wapi.
Daktari hakucheka.

Usiku anamsikia akienda uani,
ko, anapumzika, ko.
Viganja vinamnuka dizeli hata baada ya sabuni.
Hana jeki ya kuinulia mtu.
Anatoka na bega.