Kamba Yenye Mafundo Manne

Aliingia na matope ya Machi kwenye buti,
hakuuliza bei, hakupapasa rangi.
Akatoa mfukoni kamba ya buluu,
ile ya kufungia marobota ya nyasi,
akaitandaza juu ya katalogi yangu
kama mtu awekaye nyoka aliyekufa na kusema:
haya, mtambue.

Mererid Prosser, wa shamba la Blaen-y-cwm,
eka kumi na moja za mlima wa Wales,
kondoo thelathini na wawili,
mitufaha aliyoiacha baba yake,
na mvua, alisema, ya kutosha kuuza nje.

Mimi ni muuzaji. Nimefundishwa kuanzia juu.
Nikamwonyesha la nguvu ya farasi hamsini,
limesimama mlangoni kama bwana harusi,
lina kibanda cha kioo, kipasha joto, redio.
"Farasi hamsini," akasema. "Nitawafunga wapi?
Zizi langu linatosha punda na mbwa."
Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi,
nalijua hilo,
ila kamisheni haijui methali.

Fundo la kwanza ni lango.
Nguzo zake za mawe babu alizisimika
kwa kipimo cha mkokoteni,
"na sizing'oi kwa ajili ya tairi."
La pili ni kimo cha mlango wa ghala.
Hapo nikadakia: upinde wa kinga unakunjwa, mama,
unaulaza nyuma, unapita.
Akaniangalia.
"Na nikisahau kuuinua, nami niko mteremkoni?"

Mwaka juzi tulimzika Idwal wa Pant-glas.
Trekta lile nililiuza mimi.
Upinde ulikutwa umelala.

Nikanywa chai yangu iliyopoa.

La tatu ni nafasi kati ya mtufaha na mtufaha.
La nne hakulieleza.

Nikarudi kwa hesabu, maana hesabu haioni haya:
robota la mviringo ni kilo mia tatu,
dogo hili la farasi ishirini na tano
litaliinua kwa shida, au lisiliinue kabisa,
litanyanyua matako yake lenyewe.
Hilo lilimwingia. Alikaa kimya muda mrefu,
akihesabu kitu kwa vidole chini ya meza.
"Basi nitanunua marobota madogo," akasema,
"niyabebe mawili mawili.
Shamba langu la chini ni mkate uliolowa chai.
Kitu kizito kikipita Novemba
kidonda chake kinashika maji hadi Agosti."

Tukatoka uani, mvua ikitutangulia.
Akapanda lile dogo, akaegemea kiti,
akavuta kamba kutoka nyongani hadi klachi.
Fundo la nne.
"Mguu wangu wa kushoto," akasema, "baada ya operesheni.
Gwilym alikuwa na futi sita.
Miaka kumi tangu afe naliendesha trekta lake
nikiwa nimekalia ukingo wa kiti,
kama mgeni."
Akakanyaga klachi. Ikazama mpaka chini.
Akaikanyaga tena, bila sababu,
na tena.

Akataka tairi pana, uzito wa kufunga nyuma,
na punguzo.
Nikampa vyote, la mwisho kwa kinyongo.

Alhamisi nikalipeleka mwenyewe.
Langoni lilipita, kiganja kimoja kila upande,
kondoo wakitutazama kama mahakimu.
Nikashuka ili niukunje upinde, tuingie ghalani.
"Uache," akasema.

Kizingiti cha juu hakikuwapo.
Yeye aliyekataa kuhamisha nguzo mbili za babu yake
alikuwa amepandisha ukuta wa ghala safu tatu za mawe,
saruji bado mbichi, bado ina alama za vidole,
na juu yake, gogo jipya la mwaloni.

Tukaingia upinde umesimama.


Kamba ilikuwa imening'inia msumarini.
Alikuwa ameifungua mafundo yote,
lakini nailoni ya buluu haisahau upesi:
palepale palipokuwa na fundo,
ilikuwa bado imejikunja.